Mchunga wa Mgongoni

“Sijakwambia uung'oe,” wifi alisema kwa mara ya tatu. “Nimekwambia uupunguze. Kata usawa wa ngozi, mvalishe shati, daktari apite zake, jioni uache uchipue tena. Wewe si ndiye mtu wa kitaluni? Au leo umesahau kukata?”

Mama Kitalu alikuwa ameinama nyuma ya mumewe na kitambaa kibichi, analowesha mche wa nne kutoka bega la kulia. Alijibu kwamba mchunga ukikatwa usawa wa ngozi hutoka maziwa saa mbili nzima, shati litalowa, na daktari ana macho. Akaongeza kwamba ushauri kama huo angeweza kuupata kwa kuku, na kuku asingekuja nao saa moja asubuhi.

Walikuwa uani, nyuma ya nyumba namba tisa, katika safu ya nyumba kumi na nne ambazo kampuni ya maua iliwapa wafanyakazi wake wa siku nyingi. Mume mwenyewe, ambaye shamba zima lilimwita Bomba kwa sababu alikuwa amebeba bomba la dawa mgongoni miaka ishirini na miwili, alikuwa amekalia kiti kinyumenyume, kidevu juu ya egemeo, mgongo wazi kwenye jua. Hakuchangia neno. Kilichokuwa kinagombaniwa ni mgongo wake, na yeye alikuwa upande wa pili.

Mgongo huo ulikuwa na miche kumi na saba ya mchunga, ile mboga chungu ya porini. Sita ilishuka kutoka bega la kulia, sita kutoka bega la kushoto, mistari miwili iliyonyooka pale pale zilipopita kamba za bomba. Mitano ilikuwa imekusanyika juu ya kiuno, upande wa kulia, bomba lilipokuwa likivuja. Majani ya nje yalikuwa marefu kama kiganja, yenye meno pembeni, yamelala juu ya ngozi. Ya ndani yalikuwa bado yamesimama. Mtu yeyote aliyewahi kuona mpiga dawa akienda kazini angeutambua mchoro huo bila kuonyeshwa.

Kosa la mwanzo lilikuwa la Mama Kitalu na hakuwahi kulikana. Mchunga ulikatazwa ndani ya uzio wote wa shamba, maana wadudu wanaosumbua maua ya waridi hupumzikia humo. Lakini yeye alipenda uchungu wake kwenye mboga, na alikuwa akiacha mashina machache nyuma ya tangi la maji la kitaluni, ambako hakuna mkubwa aliyekuwa na shida ya kupita. Mbegu za mchunga zina manyoya. Ukizipumulia tu zimekwenda. Kwa hiyo wanawake wa kitaluni huzitegea nguo ngumu chini ya vichwa vya maua, manyoya yanase humo. Mama Kitalu alitega shati kuukuu la mumewe la kupigia dawa, kisha akalitundika kwenye msumari mlangoni. Asubuhi moja ya baridi Bomba alilivaa, akapachika bomba juu yake, akaenda kazini. Mabega yake yalikuwa na vidonda vya kamba ambavyo havikuwahi kufunga sawasawa, kwa kuwa kila vilipotaka kufunga dawa ilivifungua.

Siku ya nane Mama Kitalu aliona vijani viwiliviwili vimetokeza mgongoni. Kwa mazoea ya kazi yake, alipunguza kwanza, akauliza baadaye. Aliondoa miche dhaifu ikiwa bado myembamba kama uzi, akaacha kumi na saba.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Tangu hapo Bomba alikuwa likizo ya ugonjwa, analala kifudifudi, anakaa juani kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa mbili nyingine kila alasiri. Mkewe hakummwagia maji, kwa sababu maji yangemletea mafua. Alipapasa kila shina kwa kitambaa. Vidukari alivifuta kwa maji ya sabuni. Vichwa vya maua alivivunja kwa kucha kabla havijafunguka, maana mchunga ukishatoa ua huwa hauna habari tena na majani. Na kila Jumamosi alichuma majani ya nje, akaacha manne ya ndani, akayachemsha kwenye sufuria iliyotengwa peke yake, akamwaga maji yake kwenye nyasi za ua, mahali papya kila mara.

Mara ya kwanza nyasi zilikufa duara la upana wa sinia. Mwezi wa tatu duara lilikuwa la upana wa sahani. Jumamosi iliyopita lilikuwa la upana wa kikombe. Kikohozi cha Bomba kilikuwa kimepungua kwa mwendo huo huo, na mikono yake, iliyokuwa ikitetemeka hata kushika kijiko, ilikuwa imetulia. Siku maji yale yatakapomwagwa na nyasi zisife, majani yatakuwa yanalika, na mume wake atakuwa amepona. Mama Kitalu alikadiria miezi mitatu, minne kama mawingu yatakuwa mengi. Alichohitaji ni jua, na watu wasiomgusa mumewe.

“Miezi mitatu sinayo,” wifi alisema. “Mimi nina leo tu.”

Wifi alikuwa dada yake Bomba, na alikuwa pia msimamizi wa nyumba za kampuni. Kila mwisho wa mwezi alipita na daftari nyumba kwa nyumba, anakagua vyoo, vioo na magugu. Kwa namba tisa alikuwa ameandika neno “safi” mara saba. Leo saa nne daktari wa kampuni angekuja kuona kama Bomba anarudi kazini au anaondoka, na bwana shamba angekuja naye kukagua uzio. Wakikuta mchunga, wifi alieleza, yeye ataulizwa hizo “safi” saba zimetoka wapi. Bomba atatolewa kwenye nyumba. Na Mama Kitalu naye, kwa kuwa kitaluni huajiriwa wanaolala ndani ya uzio tu, atakuwa hana kazi kabla jua halijazama.

“Tutatoka wote watatu kama tumefukuzwa na nyuki,” alisema. “Kaka, na wewe sema kitu. Au umeota na mdomoni?”

Bomba alisema mdomo ni mzima, ila haujaulizwa.

Wifi alikuwa na mkono mwepesi tangu utotoni. Alimsukuma Mama Kitalu kwa nyonga, akashika mche wa juu kabisa wa bega la kushoto, ule ulio karibu na shingo, akauvuta. Ulitoka wote. Mzizi wake ulikuwa mweupe, mbichi, mrefu kama mkono kutoka kiwiko hadi kidole. Maziwa yalidondoka kwenye egemeo la kiti.

Bomba aliweka kiganja kwenye sikio la kushoto.

“Hili limeziba,” alisema.

Wifi aliuliza limeziba vipi. Bomba hakujibu, kwa kuwa wifi alikuwa amesimama upande huo. Akageuza uso.

“Semea huku.”

Mama Kitalu hakupiga kelele. Aliuchukua mche mkononi mwa wifi, akauangalia mzizi kama ni mzima, akajaribu kuurudisha. Shimo lilikuwa limeshajifunga, ngozi imekuwa laini kama haijawahi kubeba kitu. Basi akaulaza mche chini, akafuta maziwa.

“Kumi na sita,” alimwambia wifi. “Haya, vuta mwingine. Labda huu ni wa jicho.”

Wifi alikwenda upande wa kulia akamwomba kaka yake radhi. Bomba alimwambia asijali. Sikio lile alikuwa akilitumia zaidi kusikiliza wasimamizi. Baada ya hapo wifi hakusema tena habari ya kupunguza. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono kati ya magoti, na alipoona amekaa sana akachukua ufagio, akaanza kufunika kwa udongo yale maduara ya nyasi zilizokufa.

“Hayo yaache,” Mama Kitalu alisema. “Hayo ndiyo nataka wayaone.”

Alikuwa amekwisha kuamua kwamba asingeficha. Daktari ni mtu aliyesoma; akiyaona maduara kwa mpangilio, makubwa hadi madogo, ataelewa kilichokuwa ndani ya Bomba, kilivyoingia na kinavyotoka. Akishaelewa, ataandika. Akishaandika, watapewa hiyo miezi mitatu. Hivyo ndivyo alivyopanga, na wakati anatandika meza alikuwa anatembea harakaharaka kuliko kawaida, akaangusha kifuniko kimoja mara mbili.

Daktari alifika saa nne na dakika tano, akiwa na fomu kwenye jalada. Bwana shamba alikuwa nyuma yake na kioo kikuzi cha kuangalizia wadudu. Walisalimia vizuri. Daktari alisikiliza kifua cha Bomba, mbele kisha ubavuni, akasema kifua hiki ni bora kuliko kile kilichoandikwa kwenye faili. Halafu akazunguka nyuma, na akakaa huko muda mrefu.

“Nani kapanda?” aliuliza.

“Umeota wenyewe,” Mama Kitalu alisema. “Mimi nilipunguza.”

“Nafasi ni nzuri sana.”

Bwana shamba alipima kwa vidole, vinne kati ya shina na shina, akakubali kwamba nafasi ni nzuri. Alikagua chini ya majani kwa kioo chake na hakukuta kidukari hata kimoja. Alisema kwamba kungekuwa na mtu wa namna hii kwenye banda la sita la waridi, mambo yangekuwa mengine.

Daktari alikata kipande cha jani la nje, akakisugua, akakinusa. Kisha akaenda kwenye bomba la maji kunawa. Alinawa kwa sabuni, akasuuza, akanawa tena kwa sabuni. Mama Kitalu aliihesabu ile mara ya pili. Ndipo akampeleka kwenye maduara, akamwonyesha moja baada ya jingine, na tarehe zake.  Daktari aliinama kwenye kila duara, na kwenye lile la upana wa kikombe alichuchumaa kabisa.

“Kwa hiyo dawa inatoka,” alisema.

“Inatoka.”

“Ilikuwamo nyingi.”

“Miaka ishirini na miwili, daktari. Bomba linavuja, shati ni moja, glavu hakuna.”

Daktari alitikisa kichwa kwa kukubali. Alirudi mezani, akafungua jalada, akatoa orodha ya magonjwa yanayotokana na kazi. Alikuwa mtu mwaminifu. Aliyasoma yote ishirini na manne kwa sauti, polepole, akisimama kila baada ya moja kumtazama Bomba, isije ikawa amepitwa. Bomba alikuwa amemgeuzia sikio la kulia. Kuota mchunga hakukuwemo. Mama Kitalu aliuliza kama hakuna mstari wa mengineyo. Daktari alisema fomu ya zamani ilikuwa nao, lakini uliondolewa kwa sababu watu walikuwa wanaandika mambo humo.

Sasa likabaki swali la nani mwenye jambo hili. Bwana shamba alisema ule ni mmea, una mzizi, shina na jani, na umo ndani ya uzio. Kanuni ya saba inauhusu. Lakini umesimama juu ya mtu, na yeye hana mamlaka juu ya mtu. Daktari alisema anayo mamlaka juu ya mtu, ila si juu ya mmea. Waliachiana nafasi kwa adabu nyingi, kama watu wawili waliokutana mlangoni. Mwisho wakagawana. Daktari aliandika kwamba mtu ni mzima, kifua kimepona, arudi kazini Jumatatu. Bwana shamba aliandika kwamba gugu lipo, na tiba ya gugu inajulikana: lipigwe dawa. Mpiga dawa angeletwa saa saba. Wakikubali, nyumba ni yao na kazi zao zote mbili zipo. Wasipokubali, waondoke na gugu lao kabla ya kengele ya jioni.

Mama Kitalu alikuwa amesimama ameshika kitambaa. Alikikamua ingawa kilikuwa kimeshakauka.

“Dawa ile haiui mchunga tena,” alisema. “Wa kule banda la nne unapigwa kila mwezi, na kila mwezi unarefuka. Umeizoea. Ambaye hajaizoea ni huyu.”

“Najua,” bwana shamba alisema. “Tangu mwaka juzi haufi. Tumeongeza kipimo mara mbili.”

“Basi mnajua.”

“Mama, kanuni haijasema ufe. Imesema upigwe dawa.”

Daktari alikuwa ameinamia jalada, anatafuta kifuniko cha kalamu. Kalamu ilikuwa imefunikwa. Kisha wakaaga, wakamtakia Bomba kazi njema.

Kati ya saa tano na saa saba mke na mume walibaki peke yao uani. Mama Kitalu alimpa mumewe chai na mkate, na Bomba alikula vyote akiwa kwenye kiti chake. Alipomaliza alimwambia mkewe waache tu wapige. Ile dawa imemnyeshea miaka ishirini na miwili, na mchana mmoja zaidi haungemgeuza kitu. Yeye Mama Kitalu ana kitalu chake, ana miche elfu nne inayomsubiri ihamishwe wiki ijayo, na paa lisilovuja. Mgongo utapona au hautapona. Kwa vyovyote Jumatatu ipo.

Mkewe alimuuliza Jumatatu hiyo atakwenda kazini na nini, kwa kuwa mara ya mwisho alirudi akiwa ameshikiliwa na watu wawili, na mmoja alikuwa anabeba viatu vyake. Bomba alisema wakati ule ulikuwa wakati wa baridi. Mkewe akasema ndiyo, baridi ndiyo iliyokuwa inatoka povu mdomoni. Hapo wifi akarudi na daftari. Kampuni ilikuwa imemtaka ashuhudie.

Mpiga dawa alifika saa saba kasoro kidogo. Alikuwa mtu mzima, baba wa watoto watano, aliyetolewa kwenye kufunga maboksi Bomba alipoanza kuugua. Wiki mbili za mwanzo Bomba ndiye aliyemfundisha, akiwa tayari anakohoa, na mpaka leo alimwita mwalimu. Alikuwa amebeba bomba lile lile la mwalimu wake. Mkononi alikuwa amevaa mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira.

“Mwalimu, nisamehe,” alisema. “Nimetumwa.”

“Ungekuja bila kutumwa ndiyo ingekuwa tabu,” Bomba alisema. “Bado linavuja?”

“Linavuja.”

“Pale pale?”

“Pale pale.”

Bomba alimwambia ageuke. Alimkazia kamba ya kulia tundu moja, akamshauri aweke gunia lililokunjwa chini yake. Mpiga dawa alisema magunia hayatolewi siku hizi. Basi Bomba akalegeza tena ile kamba, kwa kuwa bila gunia ingemchuna, akarudi kukaa. Aliweka kidevu juu ya egemeo, akashika miguu ya kiti kwa mikono miwili.

Wifi alifungua daftari. Mpiga dawa alimwomba Mama Kitalu asogee upande wa kushoto, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka huko na dawa isingemfikia. Alisogea. Alisikia mpini wa bomba ukipandishwa na kushushwa, mara moja, mara mbili, mara tatu, na ile sauti ya pumzi inayobana ndani ya tangi. Alikuwa ameisikia sauti hiyo kila alfajiri kwa miaka ishirini na miwili, mumewe akijaribu bomba nje ya dirisha kabla ya kwenda zamu, na haikuwahi kumkatiza usingizi.

“Mwalimu, funga macho.”

Michunga yote kumi na sita iligeuza majani. Haikufanya haraka. Yaliinuka kwenye ngozi, ya nje kisha ya ndani, yakaelekea kushoto, kwa Mama Kitalu, kama miche ya kitaluni inavyoelekea mlangoni asubuhi mlango unapofunguliwa. Mpiga dawa aliona, akasubiri imalize.

Mama Kitalu hakuwa mtu wa kufikiri amesimama. Alivuta shuka iliyokuwa kwenye kamba ya kuanikia, bado ina unyevu, akamfunika mumewe kuanzia shingoni hadi kiunoni.

“Simama,” alisema. “Tunahama.”

Bomba alifungua macho. “Lini?”

“Sasa hivi. Vaa viatu.”

Mpiga dawa alishusha mrija wa kupulizia. Wifi alisema wifi yake afikirie kwanza, ana miche elfu nne kitaluni, ana nyumba, watakwenda wapi. Mama Kitalu alikuwa ameshaingia ndani. Alijibu kutoka chumbani kwamba dada yake mkubwa ana chumba cha kushonea nguo ng'ambo ya barabara kuu, kidogo kama sanduku, lakini dirisha lake liko mashariki. Alitoka na godoro amelikunja na kulifunga kwa kanga. Akarudi, akatoka na sufuria mbili na ile ya tatu iliyotengwa, taa, begi la nguo, na sanduku la mbao lenye vyeti vyao. Vitanda vilikuwa vya kampuni, na meza pia. Haikuchukua robo saa. Majirani wa namba nane na namba kumi walisimama kwenye milango yao. Mmoja aliuliza kama wataacha kamba ya kuanikia, akaambiwa achukue.

Wifi aliingia vyumba vyote viwili, akakagua choo, akakagua vioo. Aliandika kwenye daftari: namba tisa, tupu, safi. Akafunga mlango kwa kufuli la kampuni, akaweka ufunguo mfukoni, akaweka daftari kwapani, kisha akashika upande wa pili wa godoro.

“Usinitazame hivyo,” alimwambia Mama Kitalu. “Kazi nimemaliza. Sasa hivi mimi ni dada yake.”

“Beba vizuri basi, unaliburuza.”

Getini mlinzi aliwasimamisha. Alikuwa anawafahamu wote, na aliuliza hali zao, lakini alikuwa na kanuni yake: hakuna mmea unaotoka nje ya uzio bila kibali cha bwana shamba, hata ua moja lililonyauka. Aliomba aone chini ya shuka. Mama Kitalu alifunua. Mlinzi alihesabu kwa kidole bila kugusa, akafika kumi na sita, akaingia kibandani kupiga simu.

Walisubiri juani. Mpiga dawa alikuwa bado uani kwa namba tisa, bomba limejaa mgongoni. Dawa ikishachanganywa hairudishwi kwenye pipa. Ni lazima iishe siku hiyo hiyo, na yeye alijua hivyo kwa kuwa Bomba ndiye aliyemwambia. Kwa hiyo alianza kupiga ukingo wa uzio, kutoka nyuma ya nyumba namba tisa kuja getini, hatua kwa hatua, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine kwenye mrija. Alipofika usawa wao alikuwa amewapa mgongo. Shati lake lilikuwa limelowa juu ya kiuno, upande wa kulia.

Bomba akapeleka mkono kwenye kiuno chake mwenyewe, upande huo huo.

Bwana shamba alikuja kwa baiskeli na kitabu cha vibali. Alihesabu upya, akaandika aina ya mmea, idadi, hali: haina wadudu. Kwenye nafasi ya kifungashio alifikiri kidogo, akaandika: mtu mmoja. Alitia sahihi, akagonga muhuri kwenye goti lake, akampa mlinzi nakala na Mama Kitalu nakala. Alisema ni kazi nzuri, na kwamba kitalu kitapata shida ya mtu. Wifi aliuliza kama mtu mwenyewe naye anahitaji kibali cha kutoka. Bwana shamba alipekua kitabu, akasema mtu hahitaji.

Mlinzi akainua kizuizi.

Wakavuka. Hatua chache nje ya geti Mama Kitalu alimteremshia mumewe shuka hadi kiunoni, akaifunga fundo, kwa sababu jua lilikuwa bado lipo na lisingefaa kupotea bure. Kisha akamwambia atangulie mbele yake, ili aione miche yote wanapotembea.